Majina Adimu ya Watoto wa Uvira na Vifupisho Vyake

Mtoto anayezaliwa Uvira, mashariki ya Kongo, kwa kawaida huandikwa kwa majina matatu. Ofisini huitwa jina, postinomu na prenomu. Mawili ya mwanzo huwa ya lugha ya kabila au ya Kiswahili, na la tatu ni la ubatizo, mara nyingi la Kifaransa. Desturi ya zamani haikudai kwamba hata moja kati ya hayo liwe la baba. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyogusana popote, na mwalimu mgeni akisoma orodha ya darasa hatatambua kwamba wawili kati ya wanafunzi wake wanalala kitanda kimoja. Siku hizi wazazi wengi, hasa waliosoma, humpa mtoto jina la baba kama postinomu, lakini zoea la kumtungia kila mtoto jina lake bado lina nguvu kutoka bonde la Ruzizi hadi mji wa Baraka.

Kwa sababu hiyo jina adimu halitafutwi mbali huku. Mzazi wa Ulaya, ambaye jina la ukoo limekwisha kuamuliwa kabla ya mimba, ana nafasi moja tu ya kuonyesha ubunifu wake. Mzazi wa Uvira anazo tatu. Kazi yenyewe huanza baadaye, jina likishatoka nyumbani: karani ataliandikaje, shangazi atalitamkaje, na watoto wa mtaa watalikata wapi.

Chemchemi kubwa ya majina ni hali iliyokuwepo mtoto alipozaliwa. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina hazina ambayo pwani ya Kenya na Tanzania haiitumii kwa wingi huo. Bahati, Furaha, Riziki, Neema na Zawadi yanajulikana kote. Lakini huku wamo pia Safari, aliyezaliwa watu wakiwa njiani, Ushindi, Maombi, Aksanti, Mapendo, Vumilia, Machozi, Mateso. Wapo akina Sikujua, ambao jina lao ni sentensi kamili, na akina Sikitu, ambao jina lao ni majibu ya mama kwa jambo lililompata. Majina haya ya huzuni hayakusudiwi kumkosea mtoto. Jina la Machozi huandika kwamba mimba ile ilibebwa wakati wa msiba, na mwenye jina akiwa mkubwa hueleza habari hiyo bila aibu. Hata hivyo, wazazi wa leo huyaogopa zaidi kuliko wazee wao. Mahubiri ya makanisa ya maombi yamewafundisha kwamba jina huvuta mambo yanayofanana nalo, na watu wazima kadhaa waliokuwa Mateso sasa hujitambulisha kwa prenomu tu.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, na pia kwa Warundi wanaoishi bondeni upande wa Kongo, jina la sentensi ndilo la kawaida kabisa. Ndayishimiye, jina la rais wa sasa wa Burundi, ni shukrani kwa Mungu. Nkurunziza, jina la aliyemtangulia, ni habari njema. Niyonzima husema kwamba Mungu yu hai. Ntirampeba husema kwamba kifo bado hakijamwachilia aliyezaa, na kwa kawaida hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kuzikwa. Kuna pia majina yanayorushwa kwa majirani. Mzazi aliyesemwa vibaya huweka jibu lake katika jina la mtoto, na kila anapomwita arudi kula, ua mzima husikia ujumbe. Ni njia ya busara ya kugombana, maana hakuna anayeweza kumshtaki mama kwa kumwita mwanawe.

Mji wa Uvira umekusanya Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Banyamulenge, Washi na wengine, na kila lugha huleta majina yake. Washi wana Byamungu, Mugisho na Murhula, yaani vya Mungu, baraka na amani. Wabembe wana Wilondja na Asukulu. Byamungu wa Bukavu na Bigirimana wa Bujumbura wamebeba wazo lilelile, kwamba mambo yako mikononi mwa Mungu, ila mmoja akikutana na mwenzake sokoni hawatagundua undugu huo mpaka waulizane. Jina lililo la kila siku kilomita mia moja kutoka hapa linaweza kuwa adimu kabisa Uvira. Wazazi wa ndoa za mseto hulitumia jambo hili: hutoa jina moja kwa upande wa mume, moja kwa upande wa mke, na prenomu huwa uwanja wa suluhu.

Sehemu nyingine jina hutangulia mtoto mwenyewe. Kwa Kirundi mtoto wa saba anaweza kuitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Pacha mkubwa ni Bukuru na mdogo ni Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Huyo huyo wa baada ya mapacha Buganda huitwa Kizza, na kwenye ufuko wa Kongo wa Tanganyika hupatikana akina Kiza. Kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini, ambao biashara imewaleta hadi Uvira, mpangilio ni mkali zaidi: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Matokeo yake ni kwamba kuita “Kambale!” katika stendi ya Butembo ni kuita nusu ya waliopo. Penye mfumo wa namna hiyo jina la utani linakuwa la lazima, kwa sababu bila hilo watu hawatofautiani.

Dini nazo zimeleta mizigo yake. Mapadre Wakatoliki walibatiza kwa kufuata kalenda ya watakatifu, na ndiyo maana eneo hili lina wazee wanaoitwa Télésphore, Polycarpe, Onésime au Évariste, majina ambayo Mfaransa wa leo angeyasikia kama ya babu wa babu yake. Aliyezaliwa Krismasi ni Noël au Noëlla, aliyezaliwa Pasaka ni Pascal au Pascaline. Wapentekoste, ambao wamisionari wao wa kwanza kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, walipendelea Agano la Kale, na kwao walizaliwa akina Ezéchiel, Sadoki, Chadrack na Meschack. Uislamu ulitangulia wote wawili, ukiletwa na wafanyabiashara wa Ujiji na Manyema. Jambo la kushangaza mgeni ni kwamba katika Fizi na Baraka majina ya Saidi, Ramazani, Amisi, Shabani na Radjabu hubebwa na wachungaji na mashemasi. Yaliingia katika koo za Wabembe zamani, yakabaki kama majina ya mababu, na hakuna anayeyachukua kuwa dalili ya dini.

Mtindo mpya kuliko yote ni jina la kuunganishwa. Kutoka Kinshasa ulienea utaratibu wa kuchukua maneno ya Kifaransa yanayomsifu Mungu na kuyabana yawe neno moja. Glodi ni Gloire de Dieu, utukufu wa Mungu. Merdi ni Merveille de Dieu, ajabu ya Mungu. Gradi ni neema ya Mungu, na Plamedi ni mpango wa ajabu wa Mungu. Majina haya ni kifupisho tangu siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mtaa haupati pa kuyakata. Pamoja nayo yako maneno mazima ya Kifaransa: Trésor, Héritier, Exaucé, Bienfait, Gloire, Dieumerci. Mpira wa miguu umeyafikisha mbali, kwa wachezaji kama Trésor Mputu na Dieumerci Mbokani. Msikilizaji wa Paris hucheka kidogo akisikia mtu anaitwa Hazina au Mrithi kwa lugha yake. Wa Uvira haoni cha kuchekesha, kwa kuwa Kiswahili chake kimekuwa kikifanya hivyohivyo kwa Zawadi na Baraka.

Serikali nayo imeingia katika jambo hili kwa nguvu kuliko nchi nyingi za jirani. Nchi ilipobadilishwa kuwa Zaire mwaka 1971, kampeni ya “uhalisi” ilifuata. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo. Kardinali Joseph-Albert Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Postinomu ilishika mizizi katika kipindi hicho: pengo lililoachwa na Jean au Marie lilijazwa kwa jina la pili la kienyeji. Nyumbani na kanisani watu waliendelea kuitana Jean kwa sauti ya chini. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyofungua njia ya vyama vingi, prenomu zilirudi hadharani, na watu waliozaliwa kati ya miaka hiyo mara nyingi ndio wenye majina mengi zaidi, kwa kuwa la siri na la wazi yote yalibaki.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, bado inasema katika kifungu cha 58 kwamba majina yatokane na urithi wa utamaduni wa taifa, na kwamba yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha wala ya uchokozi. Kwa herufi zake, sheria hiyo ingewazuia akina Trésor wote. Kwa vitendo haizuii, na ni vizuri hivyo. Ufaransa yenyewe ilikuwa na kizuizi cha upande wa pili: kuanzia 1803 hadi 1993 sheria yake iliwafunga wazazi katika majina ya kalenda na ya watu mashuhuri wa historia ya kale. Kwa muda mrefu, basi, kijana aliyeitwa Exaucé angekataliwa Kinshasa kwa kuwa jina lake ni la kigeni, na Paris kwa kuwa halimo katika kalenda.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye tahajia. Kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kutangazwa kwa ofisa wa etasivili, yaani usajili wa raia, ndani ya siku 90, na namna jina litakavyoandikwa siku hiyo ndiyo itakayomfuata. Juma akiandikwa na karani aliyezoea Kifaransa anakuwa Djuma, Rajabu anakuwa Radjabu, Mwajuma anakuwa Mwadjuma. Hamisi na Hasani hupoteza herufi H na kubaki Amisi na Assani. Ciza wa Kirundi, ambaye C yake hutamkwa ch, anaweza kuwa Chiza katika karatasi moja na Kiza katika nyingine. Shuleni hili ni dogo. Linakuwa kubwa pale jina la diploma ya taifa lisipolingana na la kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imetumika kama kitambulisho nchini, au pale msafiri anapofika mpakani Kavimvira na hati mbili zenye herufi tofauti. Kifungu cha 64 cha sheria ileile hakiruhusu kubadili jina, tahajia yake wala mpangilio wa sehemu zake bila idhini ya mahakama ya amani, tena kwa sababu ya maana. Mzazi anayechagua jina lisilo la kawaida anafaa aende ofisini nalo likiwa limeandikwa kwenye karatasi, asitegemee masikio ya karani.

Jina likishapata cheti, mtaa hulishughulikia kwa sheria zake. Ya kwanza ni kukata. Emmanuel ni Manu, Déogratias ni Deo, Espérance ni Espe, Béatrice ni Béa, Jean-Baptiste ni JB. Ya pili ni kurudia silabi: Joséphine hutoa Fifi au Jojo. Majina ya Kiswahili hukatwa mwishoni, Furaha akawa Fura na Bahati akawa Baha, lakini majina marefu ya Kirundi hayakubali kisu kirahisi. Ukimkata Ndayishimiye, kinachobaki mwanzoni ni “Nda”, kipande ambacho Ndayizeye na Ndayiragije nao wanacho. Wenye majina ya aina hiyo huishia kuitwa kwa prenomu zao, au kwa kazi, au kwa umbo. Hii ni sababu mojawapo ya wazazi kuoanisha jina refu la kabila na prenomu fupi, na ni mpango mzuri kuliko kusubiri majirani wachague wenyewe.

Kifupisho kingine hutokana na heshima. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu mke halitaji jina la baba mkwe wake. Sasa mtoto akirithishwa jina la babu yake mzaa baba, mama hujikuta na mwana asiyeweza kumwita. Hapo mtoto wa miaka miwili huitwa “Babu”, “Baba” au “Koko”, kama alivyokuwa akiitwa mwenye jina, na huenda akazeeka nalo. Watu wa nje huona ajabu mama akimwambia mtoto mchanga, “Baba, njoo ule,” lakini ndani ya nyumba hakuna namna nyingine ya kumwita mtoto bila kuvunja heshima. Wanaoshiriki jina moja ni somo kwa Kiswahili cha pwani, na lugha ya Kinshasa imeleta neno “ndoyi”. Watu wa aina hiyo huitana kwa neno hilo na kuacha kabisa kutaja jina lenyewe.

Mzazi anapaswa kukumbuka pia kwamba jina la mtoto wa kwanza litakuwa jina lake mwenyewe. Mwanamke akishazaa, mtaa humwita Mama Sifa, Mama Riziki, Mama Glodi, na wapo majirani wa miaka ishirini wasiojua jina lake la ubatizo. Aliyezaa mapacha ni Mama Mapasa, hata kama walitanguliwa na wengine. Kwa hiyo jina lenye silabi saba litatamkwa kila asubuhi kisimani na sokoni, likiwa na neno “Mama” mbele yake. Haishangazi mzazi akimtafutia kifungua mimba jina fupi.

Historia ya ufuko huu ina vielelezo vya majina ya utani yaliyowameza wenyewe. Muhammad bin Khalfan, mfanyabiashara wa Ujiji aliyetawala biashara ya kaskazini ya ziwa katika miaka ya 1880, anakumbukwa kama Rumaliza, yaani anayemaliza. Jina hilo halikutolewa kwa upendo. Aprili 1965 kundi la watu wa Cuba lilivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, Fizi, kuwasaidia waasi wa Kongo, nao wakajipa majina ya siri kwa kufuata hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Ernesto Che Guevara alikuwa Tatu. Pwani, Tatu ni jina la msichana. Mwenzao Carlos Coello alipewa Tumaini, likafupishwa kuwa Tuma, naye akaenda nalo hadi Bolivia, ambako aliuawa mwaka 1967 akiitwa hivyo. Ni kifupisho cha Kiswahili kilichosafiri mbali kuliko vingi.

Neno “kadogo” lina habari nzito zaidi. Huku lilikuwa jina la kubembeleza kitinda mimba au mtoto mwenye umbo dogo. Oktoba 1996 wapiganaji wa muungano wa waasi wa AFDL walipoiteka Uvira na kuanza safari ya kwenda Kinshasa, wengi wao walikuwa wavulana, na nchi nzima ikajifunza kuwaita kadogo. Tangu hapo mzazi akimwita mwanawe hivyo mbele ya wageni, wapo wanaofikiria bunduki. Kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, aliitwa Mzee tu, bila kitu kingine. Yeye na Mobutu, ambaye Kabila alimwondoa madarakani, waliitwa wote Désiré, aliyetamaniwa, na hakuna kati yao aliyejulikana kwa jina hilo peke yake.

Jina la utani huweza pia kupanda cheo. Mwanamuziki Koffi Olomide aliitwa Koffi kwa kuzaliwa Ijumaa, kwa desturi ya Waakan wa Afrika Magharibi, na Olomide ilitokana na sifa ya Kifaransa aliyopewa ujanani, l'homme idéal, mwanamume aliye kamili. Leo neno hilo limekuwa sehemu ya jina lake kwa kila mtu. Kwa raia wa kawaida njia ni ndefu zaidi, kwani bila hukumu ya mahakama la mtaani hubaki la mtaani.

Mambo haya yote huvurugika familia inapohamia mbali. Maelfu ya watu wa Uvira na Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996, wamepelekwa Marekani, ambako fomu ina nafasi mbili tu: jina la kwanza na jina la ukoo. Watoto wanne wa mama mmoja hujikuta na koo nne, na shule huomba uthibitisho kwamba ni ndugu. Postinomu huangukia pasipojulikana. Mara huunganishwa na jina, mara hutupwa. Wilondja anakuwa jina la ukoo kwa mmoja na jina la kwanza kwa kaka yake. Watoto waliozaliwa huko sasa wengi hupewa jina la baba kama ukoo, ili makaratasi yakae sawa, na jina la kutungwa huhamia nafasi ya katikati. Wenzao wa darasani hulikata kwa masikio ya Kiingereza, nyumbani hukatwa kwa Kiswahili au Kibembe, na mtoto mmoja huitikia vifupisho viwili vya jina lilelile.